MBEGU GANI KWA NG'OMBE WA NYASI?

 Najua wengi wenu mkiona kichwa cha makala haya mtadhani nimepotea njia. Ng'ombe na Eastlands wapi na wapi? Sisi ni watu wa matatu, ploti na milango ya chuma. Lakini hebu siku moja ukitoka shuleni usikimbilie nyumbani. Fuata barabara ya Kangundo kuelekea Njiru na Ruai, na utazame kando. Utaona ng'ombe wakila nyasi ukingoni mwa lami, nyuma ya viwanja ambavyo havijajengwa, na kando ya mto. Wanakula nyasi na, tusidanganyane, karatasi za plastiki pia, ijapokuwa mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku mwaka wa 2017. Maziwa ya chai ambayo wengi wetu tulikunywa asubuhi ya leo huenda yalitoka kwa mmoja wao.

Nataka kueleza jambo moja tu kuhusu ng'ombe hawa. Ng'ombe wa maziwa akiwa na joto, mwenye ng'ombe ana saa chache za kuamua apandishwe kwa mbegu ya dume yupi. Watu wengi huchagua kwa kuangalia picha ya ng'ombe mwenye kiwele kikubwa, au kwa kuuliza, "Huyu ni wa lita ngapi?" Mimi nasema kwamba swali hilo ni la pili. Swali la kwanza ni, "Binti ya dume huyu atakula nini?" Dume anayesifiwa dunia nzima anaweza kumfilisi mtu wa Ruai.

Kwa wale ambao hawachukui somo la Kilimo, nianze na mbegu yenyewe. Siku hizi si lazima ng'ombe apelekwe kwa dume. Mbegu ya dume hukusanywa, huchunguzwa, huwekwa ndani ya mrija mdogo mwembamba kuliko kalamu, na kugandishwa katika naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Katika hali hiyo yaweza kukaa miaka mingi bila kuharibika. Dume anaweza kuwa amekufa zamani na bado anapata watoto! Yule bwana wa pikipiki mwenye mtungi mdogo nyuma, ambaye watu wa mtaani humwita daktari hata kama si daktari, hubeba mirija hiyo. Ng'ombe akionekana na joto asubuhi, hupandishwa jioni. Akionekana jioni, hupandishwa asubuhi inayofuata. Asiposhika, joto hurudi baada ya siku 21 hivi.

Hapa Kenya kazi hii ina makao yake si mbali nasi. Ukipanda matatu hadi mjini kisha nyingine ya kwenda Kabete, utafika katika kituo ambacho kilianzishwa mwaka wa 1946 na ambacho sasa kinaitwa Kituo cha Rasilimali za Jenetiki za Wanyama cha Kenya. Wazee bado hukiita kwa jina lake la zamani, CAIS. Wakati huo shida kubwa haikuwa lita. Ilikuwa magonjwa ya uzazi, kwani dume mmoja aliyezungushwa kwa majirani kumi aliwaambukiza ng'ombe wa wote kumi. Kwa miaka mingi serikali ndiyo iliyopeleka huduma hii vijijini kwa bei ndogo sana, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipoanza kujitoa na kuwaachia watu binafsi. Tangu hapo mkulima amekuwa mnunuzi kama mnunuzi mwingine yeyote. Anaonyeshwa kitabu chenye picha za rangi, anaambiwa hii ni ya Marekani, hii ya Uholanzi, hii ya Kabete, naye atoe pesa. Mrija wa ng'ambo huweza kuwa na bei mara kadhaa ya ule wa Kabete. Na sisi binadamu tuna tabia ya kudhani kwamba cha bei ghali ndicho kizuri.

Sasa zile nambari zilizo kando ya picha zinasema nini? Dume hatoi maziwa, kwa hivyo hupimwa kwa mabinti zake. Mabinti wengi katika mashamba mengi hupimwa maziwa, wakalinganishwa na ng'ombe wengine waliozaa wakati uleule katika mashamba yaleyale, ndipo dume akapewa alama. Siku hizi wenzetu wa ng'ambo huchunguza pia chembechembe za urithi za ndama akiwa bado mdogo, lakini hata hilo hutegemea rekodi za ng'ombe waliotangulia. Na jambo ambalo watu husahau ni kwamba ndama hupata nusu tu ya urithi wake kwa baba. Nusu nyingine ni ya mama. Kwa hivyo ukimpandisha ng'ombe wa lita sita kwa mbegu ya "lita arobaini", usingoje lita arobaini. Hata hesabu ya darasa la nne inakataa.

Lakini kasoro kubwa zaidi imejificha mahali pengine. Wale mabinti walipimwa wapi? Walipimwa katika zizi ambamo chakula huletwa mlangoni, kimechanganywa mahindi, soya na madini, na maji hayakatiki. Alama ile ni ya kweli, ila ni ya kweli huko. Mwaka wa 2002 watafiti wawili, Ojango na Pollott, walichapisha utafiti wao kuhusu madume wa Holstein-Friesian waliokuwa na mabinti Uingereza na pia katika mashamba makubwa ya Kenya. Walitaka kujua kama dume aliyekuwa bora kule ndiye aliyekuwa bora huku. Kipimo kikiwa 1, maana yake orodha mbili zinafanana kabisa; kikiwa 0, hazihusiani hata kidogo. Wao walipata karibu 0.5. Yaani ni kama mwanafunzi aliye nambari moja shule jirani ahamie kwetu, halafu usijue kama atakuwa wa pili au wa kumi na tano. Na kumbuka yale yalikuwa mashamba makubwa, yenye wafanyakazi na madaktari. Ukingo wa barabara ya Kangundo haukuwa katika utafiti huo.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu liko tumboni. Ng'ombe wa maziwa hula kwa siku chakula kikavu cha uzito wa kama asilimia 3 ya mwili wake. Nasema kikavu kwa sababu nyasi mbichi ni maji matupu. Katika kilo tano za nyasi mbichi, kilo nne hivi ni maji. Basi tuchukue Friesian mkubwa wa kilo 600. Asilimia 3 ni kilo 18 za chakula kikavu, ambazo ni kilo 90 za nyasi mbichi. Hilo ni gunia zima! Jersey wa kilo 400 anahitaji kilo 12 kavu, yaani kilo 60 mbichi. Ng'ombe anayetolewa saa tatu asubuhi na kurudishwa saa kumi na moja jioni, akikata nyasi fupi iliyokwisha katwa na wenzake jana, huku akitembea na kufukuzwa na walinzi wa viwanja, gunia zima atalipata wapi? Sehemu ya kwanza ya chakula hicho si ya maziwa. Ni ya kumfanya aishi, atembee na apumue. Mwili mkubwa una kodi kubwa, hata siku ambayo hautoi tone. Mwezi wa Januari nyasi zinapokauka hali huwa mbaya zaidi, kwani nyasi kavu ni ngumu, hukaa tumboni muda mrefu na kumpa nguvu kidogo.

Sasa angalia mchezo unaofuata. Ng'ombe aliyezaliwa na urithi wa maziwa mengi hajui kwamba yuko Ruai. Mwili wake umeamrishwa kutoa maziwa, nao hutoa. Chakula kisipotosha, huchota mafuta ya mgongoni, kisha nyama. Miezi miwili ya kwanza mwenyewe hufurahi na kuwaalika majirani. Mwezi wa tatu unaweza kuhesabu mbavu kutoka ng'ambo ya barabara. Na mwili uliokonda hauna haja ya mimba, kwa hivyo joto halionekani, au linaonekana na ng'ombe hashiki. Mjomba wangu alikuwa na Friesian wa namna hiyo. Alikuwa mrembo kweli, mweusi na mweupe kama picha ya kalenda. Alipandishwa mara nne bila kushika. Ukame wa 2022 ulipozidi, na wafugaji kutoka mbali walipoingiza mifugo yao hadi mitaani kutafuta majani, nyasi zetu zilikwisha, na yule mrembo akauzwa kwa mchinjaji kwa bei ambayo mjomba hapendi kuitaja. Mamangu ndiye aliyekuwa amemkopesha sehemu ya pesa za kumnunua, kwa hivyo jambo hili lilizungumzwa kwetu mezani kwa muda mrefu, na si kwa sauti ya chini.

Nilikaa nikapiga hesabu, na hapa walimu wa Hisabati wanisamehe kwa kutumia nambari za mfano. Tuseme ng'ombe A hutoa lita 3,000 kila anapozaa, lakini huzaa mara moja kwa miezi 18 kwa sababu ya shida ya kushika mimba. Ng'ombe B hutoa lita 2,200 tu, lakini huzaa kila baada ya miezi 13. Gawanya. A ni lita 167 hivi kwa mwezi. B ni lita 169. Yule wa sifa ameshindwa na yule ambaye hakuna anayempiga picha! Na bado hatujahesabu ndama. Kwa miaka sita A amezaa mara nne, B mara tano na anakaribia ya sita, na B amekula kidogo wakati wote huo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sidhani walikuwa wakifikiria tarehe za kuzaa, lakini methali inaingia sawasawa.

Nisije nikaeleweka kwamba hili ni tatizo la maskini peke yao. Hata nchi zilizoendelea kwa maziwa zimelipitia. New Zealand na Ireland ni nchi za malisho. Ng'ombe huzaa majira ya nyasi kuota na hula shambani sehemu kubwa ya mwaka. Miaka ya 1980 na 1990 wakulima wao walinunua kwa wingi mbegu za Holstein wa Amerika Kaskazini. Maziwa yaliongezeka, ndiyo, lakini ng'ombe walikonda na mimba zikawa shida, na katika mfumo wao ng'ombe asiyeshika kwa wakati huondolewa. New Zealand mwaka wa 1996 walianza kutumia kipimo kinachouliza faida ya ng'ombe kwa chakula alichokula, ambapo uzito mkubwa wa mwili huhesabiwa kuwa hasara. Ireland nao mwanzoni mwa miaka ya 2000 walianza kipimo chao kinachohesabu uzazi pamoja na maziwa. Leo ng'ombe wa kawaida wa New Zealand ni chotara wa Friesian na Jersey, wa mwili wa wastani. Kwa hivyo katika kitabu cha mbegu, neno "ng'ambo" peke yake halina maana. Kuna ng'ambo ya zizini na kuna ng'ambo ya malisho.

Lakini hata ng'ombe wa New Zealand hamjui kupe wetu. Hapa ndipo Kenya inapotofautiana na wote hao. Kupe huleta ndigana kali, ugonjwa ambao humuua ng'ombe wa gredi haraka, na dalili ya kwanza mara nyingi ni tezi zilizovimba chini ya sikio. Ng'ombe anayefungiwa ndani ana nafuu kidogo. Anayelisha nje hukutana na kupe kila siku. Chanjo ipo, ambayo ilitokana na kazi ya watafiti wa Muguga, na dawa za kunyunyizia zipo, ila zote ni pesa. Historia yetu imejaa mizoga ya ng'ombe wa kuletwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Lord Delamere alipojaribu kufuga huko Njoro, wanyama wake wengi wa ng'ambo walikufa kwa magonjwa na kwa udongo uliokosa madini. Aliyekuwa na pesa na mashamba yasiyo na mwisho alishindwa na kupe. Sembuse mtu mwenye ng'ombe wawili.

Ndiyo maana nampenda Sahiwal, hata kama wenzangu wananicheka kwa kusema nampenda ng'ombe ambaye sina. Asili yake ni Punjab, upande wa Pakistan na India. Aliletwa Kenya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, na kundi kubwa la serikali likawekwa katika kituo cha utafiti cha Naivasha. Ana rangi ya udongo mwekundu, nundu, na ngozi iliyolegea. Anastahimili joto, kupe na nyasi mbovu kuliko wale wa Ulaya. Maziwa yake ni machache kuliko ya Friesian. Hasara nyingine ni kwamba wengine hawakubali kukamuliwa bila ndama kuwa karibu. Lakini ukimchanganya na Ayrshire au Friesian, unapata mtoto mwenye sehemu ya maziwa ya baba na sehemu ya uvumilivu wa mama, na zaidi ya hayo chotara wa kwanza huwa na nguvu ambayo inazidi wastani wa wazazi wake wawili.

Shida ya chotara ni kesho yake. Umepata binti mzuri, sasa yeye naye umpandishe kwa nani? Ukiendelea na Friesian, mjukuu ni robo tatu Friesian, kitukuu ni saba kwa nane, na kidogo kidogo umerudi kwa yule mrembo wa kalenda. Ukirudi kwa kienyeji, maziwa yanapungua. Watu wenye akili huzungusha: kizazi hiki Ayrshire, kinachofuata Sahiwal, kisha wanarudi. Inahitaji mtu akumbuke, na kukumbuka bila kuandika ni kujidanganya.

Sasa nieleze yaliyotokea kwetu mwaka huu, kwani ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Mjomba amebaki na ng'ombe wawili. Mmoja ni chotara wa Ayrshire na zebu, anayelisha nje siku nzima. Mwingine ni binti ya yule Friesian aliyeuzwa, anayefungiwa nyumbani na kukatiwa nepia. Mwezi wa Aprili chotara alionyesha joto, na bwana wa mtungi akaja na kitabu chake. Mjomba akaweka kidole juu ya Holstein mkubwa.

"Nipatie huyu. Hata ikiwa ni ghali."

Nikamwambia, "Shikamoo mjomba, naomba niseme neno. Huyu wako analala nje na kula barabarani. Binti ya huyo dume atakula nini?"

"Mpwa wangu, wewe soma vitabu. Mimi nauza maziwa."

"Na akizaa, atazaa lini? Hesabu miezi tisa kutoka Aprili. Ni Januari, hakuna nyasi."

Hapo alinyamaza. Bwana wa mtungi, ambaye angeweza kukasirika kwa kukoseshwa biashara, alicheka akasema kijana anasema kweli. Kisha akaongeza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: mtamba au ng'ombe mdogo akibeba ndama wa dume mkubwa, kuzaa kwaweza kuwa taabu, na taabu hiyo huja saa nane za usiku. Walikubaliana kungoja. Mjomba aliacha joto la Aprili na la Mei lipite, akampandisha tarehe 20 Juni, ili akishika azae mwishoni mwa Machi mvua ndefu zinapoanza. Kungoja kulimuuma, maana miezi miwili bila mimba ni hasara pia. Lakini nyasi ya Aprili ni ya bure.

Ubishi wetu wa pili ulikuwa aina ya dume. Mimi nilikuwa nimeshikilia Jersey. Ana mwili mdogo, maziwa yake yana mafuta kama asilimia 5, hali ya Friesian ni kama 3.5, na hushika mimba vizuri. Mjomba alinijibu kwa swali moja tu: mteja wangu hulipa nini? Kule New Zealand kiwanda hulipa mafuta na protini, na maji humhesabia mkulima kama gharama. Hapa Eastlands mama wa chai hulipa kwa lita, na maziwa yakiwa mazito yeye ndiye anayeongeza maji na kufaidi. Hoja hiyo sikuweza kuipangua. Mwishowe walichagua Ayrshire wa Kabete, wa mwili wa wastani, kwa sababu mabinti zake wamekulia nchini humu na kula nyasi zetu, na kwa sababu alikuwa wa bei ambayo mjomba angeweza kurudia kama ng'ombe hangeshika. Baada ya siku 21 joto halikurudi. Baada ya miezi miwili mtaalamu alimpima na kusema ana mimba.

Kama ndama atakuwa jike, hesabu hii hapa: miezi tisa tumboni, halafu kama miezi 30 kabla hajazaa mara ya kwanza. Jumla ni miaka mitatu na zaidi kutoka siku ile ya mrija hadi kikombe cha kwanza cha maziwa ya binti. Mimi nitakuwa nimemaliza Form Four na nimekwisha kujua kama pesa za kuendelea na masomo zipo au hazipo. Ukinunua shati baya unaliacha sandukuni. Ukinunua mbegu mbaya unailisha miaka mitatu.

Kuhusu yule wa pili, binti ya Friesian anayekatiwa nepia, mjomba alimtafutia Friesian tena, na mimi sikupinga. Anakula akiwa amesimama, hatembei, hakutani na kupe wengi, na kila jioni anaongezwa unga wa dukani. Friesian si ng'ombe mbaya; amewekwa tu mahali pasipo pake mara nyingi mno. Kilichotuchelewesha ni swali lingine: baba yake mwenyewe alikuwa dume gani? Kama ni yuleyule aliyekuwa ndani ya mtungi, tungekuwa tunampandisha binti kwa mbegu ya babake, na ndama wa namna hiyo huzaliwa dhaifu na hurithi kasoro zilizojificha. Risiti yake ilikuwa imepotea, jina la dume hakuna aliyelikumbuka, na bwana wa wakati huo alikuwa amehama. Ilibidi tuchague dume kijana ambaye, kwa tarehe yake ya kuzaliwa, hangeweza kuwa ndiye.

Kwa hivyo sasa kuna daftari la kurasa 96 linalokaa juu ya kabati kwa mjomba, na mimi ndimi niliyepiga mistari. Lina safu ya tarehe ya joto, jina na nambari ya dume, aina, aliyepandisha, siku ya kupimwa mimba, na lita za asubuhi na jioni. Mjomba huandika lita mwenyewe kila siku kwa kalamu nyekundu, ingawa Jumapili mara nyingi huziandika Jumatatu. Mstari wa kwanza unasema: 20 Juni, Ayrshire, Kabete. Safu ya tarehe ya kuzaa bado haina kitu.